"Tumia Chrome" sio jibu: vita vya brauza na tovuti zinazogoma

REHEMA: Haya karibuni tena kipindini, mimi Rehema, niko na kaka yangu Idi ambaye kazi yake kila siku ni kutengeneza tovuti. Leo tunaongelea kitu ambacho karibu kila mtu kimeshamkuta, unafungua tovuti, unajaza fomu weee mpaka mwisho, unabonyeza kitufe cha kutuma, kimya. Hakuna kinachotokea. Unamuuliza mwenzako anakwambia mbona kwangu inakubali, baadaye ndo mnakuja kugundua yeye anatumia Chrome na we uko kwenye Firefox au Safari.

IDI: Na ukipiga simu huduma kwa wateja unajibiwa "tumia Chrome", basi, simu imeisha. Mi dada nataka tuanzie hapo hapo kwasababu hilo jibu linaniudhi sana, watu wanadhani brauza yao ndo mbovu wakati mara nyingi aliyetengeneza ile tovuti alijaribu kwenye brauza moja tu akafunga kompyuta akaenda kulala.

REHEMA: Sasa kabla hujafika mbali, eleza kidogo, kwani brauza zinatofautiana nini? Si zote zinafungua kurasa zilezile?

IDI: Zinafungua zilezile ndio ila kila moja inazisoma kivyake. Ukurasa wa wavuti ukifika kwako ni maandishi tu ya lugha tatu, HTML ya yaliyomo, CSS ya muonekano na JavaScript ya vitendo, sasa ndani ya brauza kuna injini ambayo kazi yake ni kusoma yale maandishi na kuchora unachokiona kwenye skrini. Majina ya brauza ni mengi lakini injini kubwa zilizobaki ni tatu tu. Kuna Blink ya Google, hiyo iko ndani ya Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi, Samsung Internet. Kuna WebKit ya Apple iliyo kwenye Safari. Alafu kuna Gecko ya Mozilla kwenye Firefox. Kwahiyo mtu akikwambia nimehama Chrome niko Brave, kwa upande wa injini hajahama popote.

REHEMA: Wengi hawajui hilo.

IDI: Hawajui, na hata hizo tatu, mbili ni ndugu wa damu. Watu wa KDE, mradi wa programu huria kule kwenye Linux, walikuwa na injini yao inaitwa KHTML, Apple wakaichukua wakajenga WebKit, Safari ikatoka 2003. Google walipotoa Chrome mwaka 2008 walitumia WebKit hiyohiyo, wakaja kujitenga 2013 na tawi lao wakaliita Blink. Opera walikuwa na injini yao wenyewe, Presto, nzuri tu, 2013 wakaiacha. Microsoft nao walijenga EdgeHTML, mwisho wa 2018 wakatangaza wanaachana nayo na Edge mpya ya Chromium, ule msimbo wazi wa Google ambao Chrome nayo imejengwa juu yake, ikatoka Januari 2020. Yaani kampuni yenye hela kama Microsoft imeshindwa kuendelea na injini yake! Hapo ndo ujue hii kazi ni nzito kiasi gani.

REHEMA: Na hao Microsoft ndo waliowahi kuitawala wavuti nzima.

IDI: Nzima kabisa. Turudi nyuma kidogo. 1994 inatoka Netscape Navigator, inapendwa, watu wengi wanaijua wavuti kupitia hiyo. Microsoft wanashtuka, 1995 wanatoa Internet Explorer, na ile ya kwanza hawakuiandika tangu mwanzo, walichukua leseni ya msimbo wa Mosaic, brauza ya kabla yao, kutoka kampuni ya Spyglass. Kuanzia hapo ni mbio, kila toleo jipya linakuja na vitu vyake ambavyo mwenzake hana, Netscape wana document.layers, Microsoft wana document.all, na we mtengeneza tovuti ukitaka menyu ifunguke tu mtu akiigusa inabidi uandike kitu kilekile mara mbili. Kipindi hicho tovuti zilikuwa zinabandika kabisa vibandiko vya kuwaambia watu ukurasa huu utazame kwa Netscape, au kwa Internet Explorer.

REHEMA: Alafu viwango navyo? Si kulikuwa na W3C tayari, lile shirika linaloandika viwango vya wavuti?

IDI: W3C ilikuwepo tangu 1994, lakini kiwango ni karatasi, anayeamua ni brauza iliyopo kwenye kompyuta za watu. Nikupe mfano mmoja ambao uliwatesa watu miaka mingi, upana wa boksi. Unasema boksi langu liwe na upana wa pikseli 200, alafu ndani uweke nafasi ya pikseli 20 kila upande. Kiwango kinasema zile 20 zinajumlishwa juu ya 200, boksi zima linakuwa 240. Internet Explorer 5 inasema hapana, 200 ni kila kitu humohumo. Ni kama mafundi cherehani wawili wamepewa kipimo kimoja, mmoja anahesabu na upindo mwingine hahesabu, nguo zitatoka tofauti na wote watakwambia wamefuata kipimo. Kurasa zilikuwa zinapasuka, safu ya pembeni inadondoka chini ya ukurasa, we hujui kosa liko wapi.

REHEMA: Na nani alikuwa sahihi?

IDI: Kwa karatasi, W3C. Ila kwa akili ya kawaida mi naona Microsoft walikuwa na hoja, na wengi wanaona hivo, ndo maana baadaye CSS ikaongeza box-sizing, unaandika border-box na boksi linapimwa vilevile Microsoft walivyokuwa wanapima. Leo karibu kila mradi unaanza na huo mstari. Na hilo napenda watu walijue, aliyeshinda na aliyekuwa na wazo zuri sio lazima awe mtu mmoja. Hata ile teknolojia ya ukurasa kuvuta data bila kujipakia upya, XMLHttpRequest, chanzo chake ni Internet Explorer 5 mwaka 1999. Ushindani ulileta maumivu, lakini na vitu ulileta.

REHEMA: Ok, lakini ushindani wenyewe haukudumu.

IDI: Haukudumu kwasababu Internet Explorer ilikuwa inakuja pamoja na Windows, unanunua kompyuta unaikuta imo. Serikali ya Marekani ikawapeleka Microsoft mahakamani 1998, kesi ikaenda, ila kwa Netscape ilikuwa imeshachelewa, walishauzwa kwa AOL, kampuni ya huduma za intaneti. 2001 inatoka Internet Explorer 6, na baada ya hapo dada... hamna kitu. Toleo la 7 limekuja Oktoba 2006. Miaka mitano! Zaidi ya watumiaji tisa kati ya kumi wako kwenye brauza moja, na mwenye brauza hana haraka yoyote maana hakuna anayemkimbiza. Picha za PNG zenye uwazi zinatokea na rangi ya kijivu nyuma, mashimo ya usalama kila leo, na sisi tunaandika ujanja juu ya ujanja ili kurasa zisimame.

REHEMA: Mpaka Firefox.

IDI: Firefox 1.0, Novemba 2004, imejengwa kutoka kwenye msimbo ambao Netscape waliuachia wazi 1998. Ile ndo iliyoamsha kila mtu. Na jQuery, maktaba ya JavaScript, ilivyotoka 2006 ilipendwa kwasababu hiyohiyo, unaandika mara moja, yenyewe inajua Internet Explorer inataka amri ya attachEvent na wengine wanataka addEventListener.

REHEMA: Ngoja nikuulize swali ambalo najua wasikilizaji wengi wanalo kichwani. We mwenyewe umesema brauza nyingi zinaleta kuandika mara mbili, kutesti mara tatu, kulala usiku wa manane. Sasa si bora wote tukatumia injini moja tu yaishe? Mtumiaji anapata tovuti inayofungua, we unapata usingizi. Ubaya uko wapi?

IDI: Swali zuri na sitalikimbia. Kwa siku ya kwanza utafurahi. Tatizo ni siku ya mia tano. Injini ikibaki moja, kiwango hakina maana tena, kwasababu chochote injini ile inachofanya, hata kama ni kosa, ndo kinakuwa kiwango. Tovuti zinaandikwa kufuata lile kosa, na baada ya hapo huwezi hata kulirekebisha. Hii imeshatokea, sio ndoto. document.all niliyoitaja hapo mwanzo, watu walikuwa wanaitumia kuuliza "hii ni Internet Explorer?", kama ipo basi ndiyo. Brauza nyingine zikaja kulazimika kuiweka maana kurasa zinaitegemea, lakini zikiiweka wazi kurasa zinadhani zinaongea na Internet Explorer. Unajua walifanyaje? Mpaka leo kwenye kila brauza document.all ipo na inafanya kazi, ila ukiiuliza "upo?" inajibu haipo. Na hiyo imeandikwa rasmi kwenye kiwango cha HTML, eti kitu kilichopo kijifanye hakipo, milele, kwa ajili ya kurasa za miaka ya tisini.

REHEMA: Aisee.

IDI: Na jina ambalo brauza inajitambulisha kwa seva ndo usiseme. Chrome ikifika kwenye seva inajitaja Mozilla/5.0, alafu inataja AppleWebKit, alafu "KHTML, like Gecko", alafu Chrome, alafu Safari. Zote kwa mpigo! Kisa kila brauza mpya iliyokuja ilikuta tovuti zimeandikwa ziulize jina kwanza, ukitaja jina lisilojulikana unapewa ukurasa mbovu au unafungiwa mlango kabisa, kwahiyo kila mgeni akalazimika kuvaa majina ya waliomtangulia. Opera walipofika toleo la 10 waligundua tovuti kibao zinasoma tarakimu ya kwanza tu, zinaona 1, zinadhani ni brauza ya kale, wakaamua kubaki wanajitaja 9.80 na toleo la kweli wakalisogeza mwishoni. Chrome na Firefox walivyokaribia toleo la 100 mwaka 2022 ilibidi wafanye majaribio mapema kuona tovuti gani zitakufa kwa tarakimu tatu.

REHEMA: Lakini hiyo ya majina si inawahusu wenye injini tofauti?

IDI: Hata! Vivaldi ni Chromium, injini ileile ya Chrome, na bado tovuti zilikuwa zinaikataa kwa jina tu. Mwisho wa 2019 wakaacha kujitaja, wakawa wanajitambulisha kama Chrome, na zile tovuti zikafunguka. Msimbo haukubadilika kitu, ni jina. Ndo maana nasema hapa kuna suala la ushindani kabisa, sio la ufundi tu. Mtu anajaribu brauza mpya, tovuti mbili tatu zinagoma, anasema hii mbovu, anarudi alikotoka. Mwenye tovuti naye anaangalia takwimu zake anasema mbona hakuna anayetumia hiyo brauza, kwanini nihangaike kuitesti. Unaona inavyojizungusha? Mdogo anazidi kuwa mdogo bila hata mkubwa kunyanyua mkono.

REHEMA: Haya, nikubane kidogo. Zamani msimbo wa Internet Explorer ulikuwa umefungwa, lakini Chromium iko wazi, mtu yeyote anachukua anajenga brauza yake. Hiyo si tofauti kubwa?

IDI: Ni tofauti kubwa, nakubali, na pia Google hawajalala kama Microsoft walivyolala, Chrome inapata apdeti kila baada ya wiki chache. Ila angalia nani anaamua njia. Google walipobadilisha kanuni za viongezi, vile viprogramu vidogo unavyoongeza kwenye brauza, ile Manifest V3, njia ambayo vizuia matangazo vilikuwa vinatumia ikabanwa, kizuia matangazo cha uBlock Origin ile kamili ikaacha kufanya kazi kwenye Chrome. Sasa we una brauza yako ndogo umejenga juu ya Chromium na hukubaliani, utafanyaje? Unaweza kubaki na msimbo wa zamani, lakini kila toleo jipya likitoka inabidi uupachike upya kwa mikono yako, mwaka hadi mwaka, na timu yako ni ndogo. Firefox wao waliamua kuibakisha ile njia ya zamani, na waliweza kwasababu injini ni yao. Kampuni inayouza matangazo ndo inaamua vizuia matangazo viwe na nguvu kiasi gani, mimi hilo siwezi kulizoea hata wakiniambia msimbo uko wazi.

REHEMA: Na hela sasa. Maana Firefox wenyewe wanalipwa na Google.

IDI: Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla inatoka kwa Google, ili Google iwe ndo utafutaji unaoukuta umewekwa tayari ukifungua Firefox. Kwenye kesi ya Google kule Marekani ilitajwa kwamba mwaka 2021 peke yake walilipa dola bilioni 26.3 kwa kampuni mbalimbali ili wawekwe mbele, fungu kubwa likienda Apple. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akasema Google wanahodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Serikali ikataka Google waiuze Chrome, Septemba 2025 jaji akakataa hilo, ila akapiga marufuku mikataba ya kumfungia nje mshindani. Malipo yenyewe hakuyazuia yote, na kwa Mozilla hiyo ilikuwa pumzi, maana yangezuiwa yote injini ya tatu ingeweza kufa kwa uamuzi uliotolewa kwa nia ya kuongeza ushindani.

REHEMA: Hapo pagumu kweli.

IDI: Pagumu. Na Apple pia hawajatoka salama hapa. Kwenye iPhone, kwa miaka mingi, ukipakua Chrome au Firefox ndani ni WebKit, kanuni zao zilikuwa zinalazimisha. Umoja wa Ulaya ndo wakawabana kwa sheria ya masoko ya kidijitali, Machi 2024 iOS 17.4 ikaruhusu injini nyingine, lakini wakati huo ndani ya Umoja wa Ulaya tu. Kwahiyo kukiwa na kosa kwenye Safari ya iPhone, watumiaji wengi walikuwa hawana pa kukimbilia. Mfano mmoja tu, tarehe. Unaandika mwaka, mwezi, siku kwa vistari, unaacha nafasi, unaweka saa. Chrome inaielewa, Safari kwa miaka mingi ilikuwa inakwambia hii tarehe batili, ukurasa unakufa. Na ukisoma kiwango, kinataka herufi T pale katikati, kila brauza iliachiwa iamue yenyewe ikikosekana. Nimeona fomu ya malipo imegoma kwa watu wote wa iPhone kwa sababu ya nafasi moja kati ya tarehe na saa.

REHEMA: Lakini kaka, hicho kizuizi cha Apple ndo kinachofanya watengeneza tovuti waijali injini nyingine. Kingeondoka leo dunia nzima, si wote wangesema pakua Chrome na kwenye iPhone?

IDI: Kuna hatari hiyo, na sina jibu linaloniridhisha. Mi naona mtumiaji apewe uhuru wa kuchagua, lakini uchaguzi wenyewe uonekane kwenye skrini, sio uzikwe kwenye mipangilio. Ulaya walishawahi kuwalazimisha Microsoft waonyeshe ukurasa wa kuchagua brauza, ulianza 2010, alafu toleo moja la Windows 7 likatoka bila huo ukurasa kuanzia Mei 2011 mpaka Julai 2012, wakapigwa faini ya euro milioni 561. Sheria bila mtu wa kuikagua haina meno.

REHEMA: Sasa kuna chochote kinachokwenda vizuri? Maana tumelia sana.

IDI: Kipo, na ni kikubwa. Kuna Interop, mpango unaowakutanisha Apple, Google, Microsoft, Mozilla na wengine kama kampuni ya Igalia. Kwa jina hilo umeanza 2022. Kila mwaka wanakubaliana vitu fulani vifanye kazi sawasawa kwenye injini zote, wanavipima kwa majaribio ya pamoja yaliyo wazi, na alama za kila brauza zinaonekana hadharani. Mfano :has ya CSS, inayokuwezesha kuchagua kitu kwa kuangalia kilichomo ndani yake, Safari walitangulia Machi 2022, Chrome wakafuata mwaka huohuo, Firefox wakafika Desemba 2023. Zamani pengo kama hilo lilikuwa linaweza kukaa muongo mzima. Na urefu wa skrini kwenye simu, lile tatizo la kitufe kujificha nyuma ya upau wa anwani, sasa tuna vipimo vya urefu kama dvh na wenzake, limeisha.

REHEMA: Kwahiyo mtengeneza tovuti anayetusikiliza sasa hivi, afanye nini kesho asubuhi?

IDI: Aache kuuliza jina. Uliza uwezo, yaani "unajua kufanya kitu hiki?", kwenye CSS kuna @supports, kwenye JavaScript unaangalia kama kitu kipo kabla hujakiita. Kabla ya kutumia kitu kipya angalia tovuti ya caniuse au alama ya Baseline, zinakuonyesha brauza zipi zinakiunga mkono. Na utesti kwenye Firefox na WebKit, tena Playwright, zana ya kutesti tovuti, inakupa injini zote tatu bure kwenye kompyuta yako, WebKit yake sio Safari ya iPhone kamili lakini itakukamatia mengi. Kama una muda wa kuweka tangazo la "tumia Chrome", una muda wa kufungua Firefox dakika kumi uone nini kimevunjika, mara nyingi ni mstari mmoja.

REHEMA: Na sisi watumiaji wa kawaida?

IDI: Ripoti. Firefox ina sehemu kwenye menyu ya kuripoti tovuti iliyovunjika, na zinafanyiwa kazi kweli. Andika about:compat kwenye sehemu ya anwani utaona orodha ya tovuti ambazo Mozilla wamezitengenezea kiraka maalum ndani ya brauza ili zifunguke. WebKit nao wana faili zima la namna hiyo. Kuna watu wanaamka asubuhi kwenda kurekebisha makosa ya tovuti ambazo sio zao. Na mwandikie mwenye tovuti pia, mwambie natumia brauza fulani, toleo fulani, nimebonyeza hapa, kimetokea hiki. Barua ya hivyo developa anaipenda kuliko "tovuti yenu mbovu".

REHEMA: Kuna msikilizaji alituma swali, anauliza Ladybird itafika lini, ile brauza mpya inayoandika injini yake kuanzia sifuri.

IDI: Hiyo pamoja na Servo, injini nyingine mpya, tuzipe kipindi chao kizima wiki ijayo, maana Servo peke yake, kuanzia Mozilla 2012 mpaka kuhamia Linux Foundation 2020, ni habari ndefu, na nataka niijaribu kwanza kwenye tovuti ninazozitumia kila siku ndo tuongee.

REHEMA: Sawa. Tuma jina la tovuti inayokugomea na brauza unayotumia, tutazipitia hizo kwanza kabla hatujaanza Servo.